Damu imepimwa, chupa imefika: je, nijipake?

SWALI

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 34, na ninaishi pembezoni mwa jiji la Tanga pamoja na mume wangu na mtoto wetu wa miaka minne. Mwezi wa Machi mwaka jana, msusi wangu alipokuwa akinifumua rasta ili anisuke upya, alinyamaza ghafla, akanishika mkono na kuupeleka nyuma ya sikio langu la kushoto. Niligusa mahali palipokuwa laini kama ganda la yai, pana kiasi cha sarafu ya shilingi mia mbili, pasipo na kidonda, magamba wala mwasho. Alisema kwa upole kwamba huenda rasta zilikuwa zimekaza mno. Tukaziacha, nami nikaamini kwamba jambo hilo limekwisha.

Halikwisha. Leo kisogo kimenyonyoka theluthi nzima, upande wa kushoto umebaki nusu, na utosini kuna mabaka mawili ambayo mume wangu anakadiria kuwa yamechukua sehemu moja ya kumi. Upande wa kulia ni mzima. Kucha zangu hazina tatizo. Darasani mtandio unanisitiri, lakini nyumbani mtoto huniuliza kwa nini mama amenyolewa nusu, na mama mkwe wangu, ambaye ananipenda kwa dhati, anashikilia kwamba ni jini. Nimesomewa dua mara mbili na sijakataa, ila nywele hazijarudi.

Daktari wa ngozi aliyekuja kwa kliniki ya siku moja alinitazama kwa darubini ndogo, akasema ni alopesia areata, yaani kinga ya mwili inashambulia nywele za mwili wake yenyewe. Alinichoma sindano ndogo ndogo kichwani. Niliumia sana, na wiki tatu baadaye sikuona tofauti, kwa hiyo sikurudi.

Mtoto wa shangazi yangu aliyeko Uingereza ana ugonjwa huohuo. Hospitali ya huko humpaka dawa ya maji kila wiki, kichwa humwasha siku mbili, na nywele zake zimeota. Kwa kunihurumia alininunulia mtandaoni chupa ndogo ya kahawia iliyoandikwa DPCP, bila kiwango cha nguvu wala maelezo. Nimeiweka kwenye friji, nyuma ya jagi la maziwa. Kabla ya kuitumia nilikwenda katika maabara moja ya binafsi, ambako nilishauriwa kupima kile walichokiita kifurushi cha alama za nywele. Nililipa karibu theluthi ya mshahara wangu. Majibu ni haya: eosinofili asilimia 12, IgE 1,450, feritini 11, vitamini D 22, na TSH 0.2. Aliyenipa majibu alisema kwamba eosinofili na IgE zikiwa juu namna hii, kinga yangu imeshaamka, na dawa ya kupaka itanishika vizuri.

Niongeze kwamba sijawahi kuugua pumu wala pumu ya ngozi, ninameza biotini ya miligramu 10 kila siku kwa ajili ya nywele, na siku za mapumziko huwa Muheza kwenye shamba letu la mihogo na mboga, ambako hulima peku kwa sababu ya tope. Miezi ya karibuni ninachoka upesi. Mume wangu nami tunatamani mtoto wa pili. Je, majibu haya yanatosha kuniruhusu kuanza dawa, na nianze kwa kiasi gani?

Mwenye Mtandio, Tanga

JIBU

Marahaba, Mwalimu.

Chupa usiifungue. Itoe kwenye friji leo hii, ikiwa imesimama wima na kizibo kimekazwa, uifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki na kuiweka mahali palipoinuka, mbali na jiko, na mbali na mikono ya mtoto. Sababu zake nitazieleza, lakini kwanza tuzungumze kuhusu damu yako, kwa maana ndiyo uliyoitolea theluthi ya mshahara.

Nimeyasoma majibu yako mara mbili, na nakiri kwamba yana habari nyingi, ila karibu zote si za nywele. Eosinofili ni aina ya chembe nyeupe za damu ambazo kwa mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hazipiti asilimia 5 au 6 ya chembe nyeupe zote, na mwili huzizidisha hasa kwa sababu mbili, yaani mzio na minyoo. IgE ni kingamwili inayopanda kwa sababu hizohizo mbili. Ni kweli kwamba wapo watafiti waliojaribu kutumia vipimo hivi kubashiri nani ataoteshwa nywele na dawa ya kupaka. Matokeo yao hayajakubaliana kiasi cha kumwezesha daktari kumwambia mgonjwa mmoja mmoja kwamba wewe utapona na wewe hutapona. Zaidi ya hayo, kubashiri huko kunamfaa mtu ambaye hana sababu nyingine ya kuwa na eosinofili nyingi. Mtu anayelima peku kwenye tope la Muheza anayo sababu nyingine, nayo ina jina ambalo bibi zetu walilijua kabla ya maabara kujengwa: safura.

Mabuu ya safura hupenya ngozi ya nyayo, husafiri na damu hadi kwenye mapafu, hupanda kooni, humezwa, na hatimaye hutulia katika utumbo mdogo, ambako minyoo iliyokomaa hujing'ang'aniza ukutani na kufyonza damu kwa miaka. Damu hiyo hupotea kidogo kidogo bila mwenyewe kujua, na pamoja nayo hupotea madini ya chuma. Feritini ndiyo kipimo cha akiba ya chuma mwilini, na Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mtu mzima aliye chini ya 15 akiba yake imekwisha. Wewe una 11. Weka sasa vitu vitatu pamoja, yaani eosinofili zilizo mara mbili ya kawaida, akiba ya chuma iliyokauka na uchovu wa miezi ya karibuni, kisha ujiulize kama hii ni habari ya kinga iliyoamka kwa ajili ya nywele. Siwezi kukuambia kwa barua kwamba una safura, kwa sababu hedhi nyingi au kichocho vinaweza kuleta sehemu ya picha hiyohiyo. Ninachoweza kusema ni kwamba kipimo cha choo, ambacho gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kifurushi ulichouziwa, kilipaswa kutangulia. Endapo minyoo itaonekana, dawa yake ni rahisi na inapatikana kila mahali, ila mwambie anayekuandikia kwamba unatafuta mimba ili ahakikishe kwanza kwamba haijaingia. Chuma nacho kirudishwe kwa vidonge kwa miezi kadhaa. Upungufu wa chuma hupunguza nywele za kichwa kizima na kuzifanya nyembamba. Hautoboi mabaka laini kama ya kwako, kwa hiyo usitegemee kwamba vidonge pekee vitayafunika, lakini mwili usio na chuma hauna cha kujengea nywele hata kinga itakapotulia.

TSH ni homoni inayoiamuru tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, ifanye kazi, na TSH ya 0.2 inaonekana kama ya mtu ambaye tezi hiyo inafanya kazi kupita kiasi, na kwa mgonjwa wa alopesia areata jambo hilo halipuuzwi, kwa sababu watu wenye kinga inayoshambulia nywele huwa na maradhi ya tezi hiyo mara nyingi kuliko wengine. Hata hivyo, biotini unayomeza imeniingiza shaka. Mashine nyingi za kupimia homoni hutumia biotini kama gundi ndani ya kipimo chenyewe, kwa hiyo damu iliyojaa biotini huichanganya mashine, nayo ikatoa TSH iliyo chini kuliko ilivyo kweli. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili mwaka 2017. Mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni mikrogramu 30 hivi, nawe unameza miligramu 10, yaani zaidi ya mara 300 ya hayo. Iache kwa siku tatu, kisha upime TSH upya pamoja na homoni ya T4 na kingamwili za thairoidi. Na ukishaiacha, sioni sababu ya kuirudia, kwa maana haijathibitishwa kwamba huotesha nywele za mtu aliye na alopesia areata. Vitamini D yako imeshuka kidogo, kama ilivyo kwa wagonjwa wengi wa ugonjwa huu. Kuirekebisha ni vyema kwa mifupa, na hapo pia nisiongeze ahadi.

Sasa utauliza alama za kweli ziko wapi. Zipo, ila zinaonekana vizuri zaidi kwenye ngozi kuliko kwenye mshipa wa mkono. Kinyweleo kilicho katika kipindi cha kuotesha nywele kwa kawaida hujificha machoni pa kinga ya mwili, kwa namna ambayo askari wa damu hupita karibu nacho bila kukitambua. Katika alopesia areata maficho hayo huvunjika. Ukikata kipande kidogo cha ngozi ya baka jipya na kukitazama kwa darubini, utaona seli T, yaani hao askari wa kinga, zimelizunguka shina la nywele, na wataalamu hulifananisha kundi hilo na nyuki waliozingira mzinga. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, wakiongozwa na Angela Christiano na Raphael Clynes, walionyesha kwamba seli hizo huwasiliana kwa intaferoni gama na kemikali nyingine ambazo hupitia ndani ya seli katika njia iitwayo JAK, na kwamba njia hiyo ikizibwa nywele huweza kuota. Kemikali hizo, na nyingine kama CXCL10, hupimika pia katika damu, lakini hupanda na kushuka hata mtu akipata mafua au malaria. Ni vyombo vya kazi ya utafiti. Bado hakuna kipimo cha damu kilichokubaliwa kumchagulia mgonjwa wa alopesia areata dawa, na maabara inayokuuzia kimojawapo kwa jina la alama za nywele inakuuzia jina.

Kinachobashiri vizuri zaidi ni kile ambacho msusi wako alikiona bila sindano: ukubwa wa eneo, mahali lilipo, muda uliopita na hali ya kucha. Wataalamu hukigawa kichwa hivi: sehemu ya juu ni asilimia 40, kisogo ni 24, na kila upande ni 18. Kwa maelezo yako, theluthi ya kisogo ni 8, nusu ya upande wa kushoto ni 9, na sehemu moja ya kumi ya utosi ni 4. Jumla ni 21 kati ya 100. Hiyo namba iandike mahali, maana kila daktari utakayemwona baadaye ataitaka, na itakusaidia kujua kama unakwenda mbele au nyuma hata siku ambazo kioo kitakukatisha tamaa. Kucha zako ni nzima, hazina vishimo vidogo kama vya subana ya fundi cherehani, na hiyo ni heri. Kinachonipa wasiwasi kidogo ni kwamba unyonyokaji wako umeelekea kisogoni na kando ya sikio, kwa sababu ugonjwa unapojinyoosha kama mshipi kuanzia kisogoni hadi juu ya masikio huwa mgumu zaidi kuutibu. Bado hujafika huko, ndiyo maana sitaki upoteze miezi kwa chupa isiyo na maelezo.

Dawa yenyewe si uganga wala utapeli, na jamaa yako hakukudanganya. Ni tiba ya kuiamsha kinga ya mwili kwa kupaka, na imeanza zamani. Kemikali ya kwanza iliyotumika katika miaka ya 1970, iitwayo DNCB, iliachwa baada ya vipimo vya maabara kuonyesha kwamba hubadilisha vinasaba vya bakteria. DPCP, ambayo jina lake lingine ni difensiproni, ililetwa mwaka 1983 na Rudolf Happle na wenzake nchini Ujerumani, na ipo nyingine ya jamii hiyo itokanayo na asidi ya skwariki. Zote hufanya kazi kwa njia ya ajabu: daktari humsababishia mgonjwa mzio kwa makusudi. Ngozi ya kichwa hupata ukurutu mdogo unaodhibitiwa, na inadhaniwa kwamba kinga, ikishughulika na mgeni huyo mpya, huachana na kinyweleo. Nilipokisikia kisa hiki kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, nilidhani mhadhiri anatutania.

Sasa tazama jinsi inavyotolewa. Siku ya kwanza hupakwa tone la nguvu ya asilimia 2 kwenye eneo dogo la kichwa, sentimita chache kwa chache, ili mwili uitambue. Baada ya wiki mbili huanzwa matibabu yenyewe kwa nguvu ya asilimia 0.001, yaani dhaifu mara 2,000 kuliko ile ya kwanza, kisha hupandishwa polepole wiki baada ya wiki mpaka mgonjwa apate mwasho na wekundu mdogo unaodumu siku moja hadi mbili, bila malengelenge. Kwa kawaida huanzwa nusu moja ya kichwa ili nusu nyingine iwe shahidi. Mgonjwa hufunika kichwa asipigwe na mwanga, kwa sababu mwanga huiharibu dawa, na huosha nywele baada ya saa 48. Anayempaka huvaa glavu, kwa maana wauguzi na wafamasia waliokuwa wakiigusa ovyo wamewahi kupata mzio huo wenyewe.

Chupa yako haina kiwango. Inaweza kuwa ya 0.001, inaweza kuwa ya 2, na tofauti ya mara 2,000 huwezi kuiona kwa macho wala kuinusa. Zaidi ya hayo, dawa hii huyeyushwa katika asetoni, kile kimiminika cha kuondolea rangi ya kucha, nacho hupotea hewani upesi na hushika moto upesi. Kizibo kikilegea safarini, asetoni huondoka na dawa hubaki, kwa hiyo kilichomo leo kinaweza kuwa kikali kuliko kilichotiwa. Mtu akijipaka dawa kali asiyoizoea anaweza kutoka malengelenge kichwa kizima, matezi ya shingo yakavimba, na ukurutu ukasambaa hadi usoni na mikononi. Katika ngozi nyeusi kama yetu ipo hatari nyingine ambayo vitabu vya Ulaya huitaja kwa haraka: mahali palipopakwa panaweza kuwa peusi zaidi, au pakapoteza rangi na kuacha madoa meupe kama mbalanga, na madoa hayo huenda yasirudi. Kuna pia mto. Mtoto wa miaka minne hulala kwenye mto wa mama, na alichopakwa mama kichwani asubuhi kitakuwa shavuni mwa mtoto usiku. Na kwa kuwa mnatamani mimba, ujue kwamba tiba hii haitolewi kwa mjamzito wala kwa anayetafuta mimba.

Kuhusu mafanikio, nikupe takwimu za utafiti unaonukuliwa sana, wa Vancouver nchini Kanada, uliochapishwa mwaka 2001 na kuhusu wagonjwa 148. Waliokuwa wamepoteza kati ya asilimia 25 na 49 ya nywele walikadiriwa wote kupata nywele za kuridhisha, waliopoteza kati ya 50 na 74 walikuwa asilimia 88, waliopoteza kati ya 75 na 99 walikuwa 60, na waliopoteza zote walikuwa 17 tu. Ukubwa wa eneo ndio ulioamua, pamoja na umri ambao ugonjwa ulianza. Makadirio hayo ni ya matibabu ya miezi 32, mgonjwa akirudi kliniki tena na tena, na asilimia 63 hivi ya waliofaulu walinyonyoka tena baadaye. Vituo vingine vilipata matokeo hafifu kuliko hayo. Wewe, mwenye 21, hata daraja la chini la utafiti huo hujalifikia. Tiba hii kwa kawaida hufikiriwa pale nusu ya kichwa au zaidi imekwenda, na kwa kiasi chako kuna njia iliyo fupi zaidi.

Njia hiyo ni sindano ulizoziacha. Nasikitika kwamba hukuelezwa, kwa sababu sindano za steroidi, kwa kawaida triamsinoloni, hazipimwi kwa wiki tatu. Hurudiwa kila baada ya wiki nne hadi sita, matokeo ya kwanza huonekana kati ya wiki ya nne na ya nane, na huachwa ikiwa miezi sita imepita bila dalili. Maumivu hupunguzwa kwa krimu ya ganzi inayopakwa saa moja kabla, au kwa kushikiza barafu iliyofungwa katika kitambaa, na una haki ya kuyaomba yote mawili. Ubaya wake mkubwa ni kwamba ngozi inaweza kubonyea mahali palipochomwa, na mara nyingi hujaa tena. Kati ya sindano na sindano, daktari anaweza kukupa steroidi kali ya kupaka kwenye mabaka. Dawa zote hizi mtajie kwamba unatafuta mimba.

Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, ukiwa na majibu yako ya maabara na namba 21, uombe rufaa ya kliniki ya ngozi. Kwa mtu wa Tanga, Moshi haiko mbali: pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, ambacho tangu mwaka 1992 kimefundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Watakutazama upya, na huenda wakapima pia kaswende, ambayo hunyofoa nywele vipandevipande na humkuta hata mtu asiyeishuku. Usikasirike wakikuuliza.

Pengine utasikia pia kuhusu vidonge vinavyoziba ile njia ya JAK. Barisitinibu iliidhinishwa Marekani mwezi Juni 2022 kwa watu wazima wenye alopesia areata kali, baada ya majaribio mawili ambamo kati ya asilimia 36 na 39 ya waliomeza miligramu 4 walikuwa na angalau asilimia 80 ya nywele zao baada ya wiki 36, huku waliomeza vidonge visivyo na dawa wakiwa kati ya 3 na 6. Majaribio hayo yaliwahusu waliopoteza nusu ya nywele au zaidi. Vidonge hivyo hushusha kinga, hutanguliwa na kipimo cha kifua kikuu na cha homa ya ini, na havimezwi na anayetafuta mimba. Kwa sasa si vyako.

Msusi wako mshukuru kwa kuushika mkono wako badala ya kuficha. Rasta hazikuleta mabaka haya, ingawa kukaza kingo za nywele huleta upara wa aina nyingine ambao huna haja ya kujiongezea, kwa hiyo muda huu suka kwa ulegevu au zikate fupi. Mama mkwe aendelee na dua, ila asikupeleke kwa mtu atakayekupaka kitu kichwani au kukuchanja. Mtoto naye mwambie kwamba nywele za mama zinaumwa, na kwamba haziambukizi. Jamaa yako wa Uingereza mwandikie kwa upole kwamba hospitali yake humpimia nguvu ya dawa kila wiki na wewe huna wa kukupimia. Chupa iende kwa mfamasia wa hospitali siku utakayokwenda Bombo, asije mtu akaimwaga kwenye sinki.

Piga picha ya kisogo na ya upande wa kushoto siku ya kwanza ya kila mwezi, mahali palepale, mwanga uleule. Tazama kingo za mabaka. Ukiona vinywele vifupi vilivyo vyembamba chini na vinene juu, kama alama ya mshangao, ugonjwa bado unatembea, na mwambie daktari. Nywele zitakazorudi huenda zikatoka nyeupe, nyembamba kama za mtoto mchanga, kwa sababu zile zenye rangi ndizo zinazoshambuliwa zaidi. Rangi hufuata baada ya miezi. Usizing'oe.